Bustani ya nyumbani imegoma masika hii? Kagua haya kabla hujakimbilia dukani kununua dawa

Kila ikifika mwezi wa tatu mawingu yakaanza kujikusanya juu ya Dar naanza kupigiwa simu, na ni zilezile za mwaka jana, mbegu hazioti, miche inalala chini, majani yamekuwa njano, nyanya zinamwaga maua, na karibu kila anayepiga anamalizia na swali moja, ninunue dawa gani. Mi jibu langu la kwanza huwa ni chimba kwanza. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, nusa, ng'oa mche mmoja uangalie mizizi, geuza jani uangalie chini yake, alafu ndo tuongee habari za dawa. Kwenye bustani ndogo za nyumbani huku pwani, shida nyingi za wiki sita za mwanzo zinatokana na maji na udongo. Wadudu na magonjwa yapo kweli, ila mara nyingi yanaukuta mmea tayari uko taabani.

Nimepanga kwa dalili, yani vile mtu anavyoiona asubuhi akitoka nje. Kwenye kila dalili nimeanza na sababu ninayokutana nayo zaidi, naishia na ile adimu, kwa hiyo nenda hatua kwa hatua, usirukie ya mwisho kwa sababu inatisha.

Ila kwanza kalenda, maana kuna shida zingine hazina dawa kabisa zaidi ya kupanda wakati wake. Masika ya pwani ni kama kuanzia katikati ya Machi mpaka Mei. Tuta na samadi vinatakiwa viwe tayari Februari, wakati ardhi bado kavu na unaweza kulima bila kuukanyaga udongo ukawa tope. Kwa masika yenyewe panda mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu, biringanya, kunde. Nyanya na hoho usizilazimishe, zisie kitaluni mwishoni mwa Aprili au Mei, uzipandikize mvua zikipungua ili zichanue kwenye kipupwe, mwezi wa sita mpaka wa nane, usiku kukiwa na ubaridi kidogo. Watu wa Lushoto, Arusha au Njombe kwenu ni baridi na kalenda yenu ni nyingine, haya ya tarehe ni ya pwani, ila dalili zenyewe nyingi mtazikuta na huko.

"Nimemwaga mbegu wiki nzima hamna kilichotoka"

Hesabu siku kwanza. Mchicha, chainizi na figiri zinatoka siku ya 3 mpaka ya 6. Bamia na nyanya siku 5 mpaka 10. Nyanya chungu na biringanya zinaweza kufika wiki mbili. Hoho na pilipili hivohivo, na karoti ndo mvivu kuliko wote, siku 10 mpaka 15 ni kawaida. Nimeona watu wamefukua karoti siku ya nane wakapanda kitu kingine juu, wiki ya pili tuta likatoka mchanganyiko.

Siku zikiwa zimeshapita, sababu ya kwanza ni kufukia sana. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama punje ya mchanga, sasa mtu anachimba mfereji wa nusu kidole anaimwaga anarudishia udongo, itatokea wapi? Kanuni ni kufukia mara mbili mpaka tatu ya unene wa mbegu yenyewe. Kwa mchicha maana yake ni kuinyunyizia udongo laini tu juu kama unatia chumvi kwenye mboga, kwa bamia ni sentimita 2 hivi. Kukagua ni rahisi, chukua kijiti parua taratibu sehemu uliyomwaga, ukikuta mbegu imechipua lakini kachipukizi keupe kamejikunja huko chini basi ulizika. Mwaga upya, na safari hii ichanganye kwanza na mchanga mkavu, kijiko kimoja cha mbegu kwa vijiko vitano vya mchanga, itasambaa vizuri na haitaota kwa mafungu.

Ya pili ni uso wa udongo kukauka. Mbegu ikishanyonya maji ikaanza kuamka alafu ikakaushwa na jua la saa saba mchana, imekufa hiyo, hairudi tena. Mchanga wa Dar unakauka juu ndani ya saa chache hata kama chini kuna unyevu, na hapo ndo watu wanachanganyikiwa wanasema mbona namwagilia kila jioni. Mwagilia kidogo asubuhi na jioni mpaka zitoke, na juu tandaza nyasi kavu kidogo au funika na gunia la katani, ila lazima uchungulie kila siku, mara tu unapoona vichwa vya kijani ondoa siku hiyohiyo jioni, ukichelewa miche inarefuka inakuwa kama uzi.

Ya tatu ni mvua yenyewe. Mvua ya masika ikipiga tuta la wazi inaweza kuhamisha mbegu zote mpaka kwenye korongo la jirani. Dalili yake utaona miche imeota kwa wingi pembeni au chini ya mteremko na katikati ya tuta ni upara. Inua tuta sentimita 20 mpaka 30, kingo zishikilie na mbao, matofali au chupa za plastiki, na mbegu ndogo zisie kitaluni chini ya kichanja cha makuti badala ya kuzimwaga wazi.

Sisimizi nao. Kuna mtu mmoja alinunua mbegu za mchicha mara tatu akilaumu duka, tukakaa asubuhi moja kwenye tuta tukaona mstari wa sisimizi kila mmoja amebeba punje yake anaelekea shimoni. Mbegu za mchicha na karoti wanazipenda sana. Loweka mbegu usiku mmoja zianze kuamka, mwaga jioni, fukia vizuri, na nyunyiza majivu makavu kuzunguka tuta, ukikumbuka kwamba mvua ikipita inabidi uyarudishie. Na kuku wa jirani sina haja ya kuwaeleza, weka wavu au miiba.

Mwisho kabisa ndo mbegu mbovu, ingawa wengi wanaianza na hiyo. Ipime kabla hujalaumu: chukua mbegu 10, ziweke kwenye tishu iliyolowa, funga kwenye mfuko wa nailoni, weka mahali pa joto bila jua. Zikiota 7 au 8 mbegu ni nzima, tatizo liko kwako shambani. Zikiota 3 kanunue nyingine, na dukani soma tarehe kwenye pakiti, angalia na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na kataa zile zinazopimwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililokaa wazi juani.

"Miche ilitoka vizuri, leo asubuhi imelala"

Hapa angalia shina pale linapogusana na udongo, usiangalie majani. Shina litakuambia ni nini kati ya vitatu.

Shina likiwa limesinyaa, jembamba, limekuwa la kahawia na laini kama limepikwa, hicho ni kinyausi. Ni vimelea vya fangasi vinavyokaa kwenye udongo na vinapenda sana kitalu kilichobanana, chenye kivuli kizito na maji muda wote, yani vinapenda hasa vile tunavyodekeza miche. Aliyelala hainuki tena. Ng'oa walioanguka pamoja na wa pembeni yao na udongo kidogo, punguza waliobaki wapeane nafasi ya vidole viwili, acha kumwagilia jioni, mwagilia asubuhi tu, fungua kichanja upepo uingie. Safari ijayo usitumie udongo uleule wa kitalu cha mwaka jana, na kama ni kitalu kidogo cha kwenye beseni unaweza kuumwagia udongo maji yanayochemka, uache upoe mpaka kesho yake ndo usie. Hii ya maji ya moto naipenda kwa sababu haina gharama na haina sumu.

Shina likiwa limekatwa kabisa kama kwa mkasi na kimche kiko pembeni bado kibichi, huyo ni sota. Ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo anayefanya kazi usiku. Fukua kwa kidole sentimita 3 hivi kuzunguka mche uliokatwa utamkuta amejikunja kama herufi C. Ua. Kisha kwa miche iliyobaki kata chupa ya plastiki au boksi upate pete ya kuzungushia kila shina, nusu iingie ardhini. Kwa bustani ya nyumbani yenye miche 20 pete zinatosha kabisa, hamna haja ya sumu.

Shina zima, majani tu ndo yamelegea, na ulipandikiza jana au juzi? Hilo ni jua. Mche umetoka kivulini umewekwa saa nne asubuhi kwenye jua la pwani. Weka kivuli cha makuti au jani la mgomba upande wa magharibi siku 3 au 4, mwagilia, utasimama. Pandikiza saa kumi na moja jioni kila mara, na wiki moja kabla anza kuizoesha jua kidogokidogo na kupunguza maji.

"Majani yanakuwa njano"

Hii ndo dalili inayouza dawa nyingi kuliko zote, na karibu mara zote dawa iliyouzwa haikuhitajika.

Anza na kidole. Udongo ukiwa tope na unanuka kama maji ya mtaro, mizizi haipati hewa, inaoza, na mmea unakuwa njano kila mahali huku umedumaa. Ng'oa mmoja: mizizi mizima ni myeupe au ya krimu na inakaza ukiivuta, iliyooza ni ya kahawia na ngozi yake inavuka ikabaki kauzi. Acha kumwagilia, chimba mfereji wa kutoa maji pembeni ya tuta, inua tuta. Kwenye ndoo na viroba angalia matundu ya chini, mara nyingi yapo ila yamezibwa na udongo au ndoo imekalia sakafu ya saruji, ipandishe juu ya vipande viwili vya tofali. Na visahani vya chini vyenye maji mwaga kila siku, matairi ya zamani yasiachwe yakajaa maji, mbu wanaoeneza dengi wanazaliana humo na hapa Dar dengi tunaijua.

Udongo ukiwa na unyevu wa kawaida, basi uliza ni majani yapi yameanza. Ya chini, ya zamani, yanaanza njano huku machanga ya juu bado yana kijani hafifu: njaa ya naitrojeni. Kwenye mchanga wetu mvua kubwa mbili tu zinaosha chakula chote kinashuka chini mizizi isikofika. Weka samadi iliyooza au mboji, ndoo ya lita 20 kwa kila mita 2 za mraba, changanya juujuu usikate mizizi. Ukitaka haraka tumia urea, kizibo kimoja cha soda kwa mmea mkubwa kama biringanya, kizungushe umbali wa sentimita 10 kutoka shina, fukia, mwagilia. Usiiweke ikagusa shina wala majani, inaunguza, na ukizidisha ukidhani ndo unasaidia utapata majani makubwa mazuri na tunda hamna.

Majani yakiwa njano na kingo zimeungua kahawia, wiki mbili tatu tu baada ya kuweka mbolea, hiyo ni samadi mbichi. Ya kuku hasa. Mi mwenyewe nilipoteza tuta zima la bamia hivo, niliichukua bandani asubuhi nikaitia tutani jioni, nikapanda kesho yake, na mpaka leo nikiweka samadi nachimba kwanza niingize mkono. Ikiwa ya moto ndani au bado inanuka amonia mpaka macho yanawasha, haijaiva. Iloweshe, irundike, ifunike na majani ya mgomba, igeuze kila wiki, iache miezi miwili mpaka mitatu. Na kuna sababu nyingine ya kungoja, samadi mbichi ina vijidudu vya kuharisha, sasa ukiiweka kwenye kotimiri na saladi zinazoliwa mbichi unalisha familia ugonjwa.

Kingo zimeungua lakini hukuweka mbolea? Maji yako yanatoka wapi? Visima vingi vya karibu na bahari ni vya chumvi. Angalia uso wa udongo siku kavu, kama kuna ukungu mweupe umejikausha kama unga ni chumvi hiyo. Maharage, karoti na vitunguu havivumilii, mchicha na spinachi vinajikaza zaidi. Masika ni wakati wa kushukuru, kinga maji ya bati kwenye mapipa uyatumie, na acha mvua ioshe tuta. Kama unategemea kisima hicho mwaka mzima peleka sampuli ya maji na udongo maabara kabla hujaongeza matuta. SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, wanapima udongo na TARI Mlingano kule Tanga ndo kituo cha utafiti wa udongo. Sampuli ya udongo chota sehemu kama 5 tofauti, kina cha sentimita 15 mpaka 20, changanya pamoja upeleke kama kilo moja.

Ukiona njano, mmea umedumaa, na umeshakagua yote hayo, ng'oa uangalie mizizi kama ina vinundu kama shanga. Ni minyoo fundo, na kwenye mchanga wanastawi sana, bamia na nyanya ndo wanaumia zaidi. Usichanganye na vinundu vya maharage na kunde, vile vimekaa pembeni ya mzizi unavibandua kwa kucha na ni vya faida, hivi vya minyoo ni mzizi wenyewe umevimba. Mmea huo hauponi. Ng'oa na mizizi yote uchome, jaza mboji, na Januari au Februari jua likiwa kali lowesha tuta ulifunike na nailoni angavu wiki 4 mpaka 6, kingo uzifukie, joto linawaua wengi wao.

"Mmea unanyauka mchana na udongo una maji ya kutosha"

Kama unanyauka saa saba na jioni unasimama wenyewe, na majani ni makubwa kama ya biringanya au maboga, tulia. Ni joto. Tandaza nyasi kavu chini na uache.

Kama hausimami tena, na siku ya pili au ya tatu umekufa ukiwa bado wa kijani, fanya jaribio hili kwa nyanya, nyanya chungu, biringanya au pilipili. Kata shina karibu na chini, chukua kipande cha sentimita 10, kining'inize kwenye glasi ya maji safi upande wa chini ukigusa maji, usitikise, subiri dakika 5. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina ni mnyauko bakteria.

Hapa simama. Hamna dawa ya dukani itakayoponya, na yeyote anayekuuzia anakula hela yako. Ng'oa mmea na udongo wake, weka kwenye mfuko, usitupe kwenye mboji, usimwagilie ukapitisha maji kutoka hapo kwenda tuta lingine, osha jembe na viatu. Bakteria huyu anakaa ardhini miaka, kwa hiyo sehemu hiyo usipande tena nyanya, nyanya chungu, biringanya, pilipili, hoho, mnavu wala viazi mviringo, panda mahindi au sukuma wiki. Mimea ikishafika mitatu na inaendelea mpigie afisa ugani wa kata yako aje aone, ofisi ya kata au mtaa watakupa namba yake, ni kazi yake na huna haja ya kuona aibu kwamba una matuta manne tu.

Uzi usipotoka, pasua shina kwa urefu. Ukikuta ndani kuna mistari ya kahawia na majani ya chini yalianza njano upande mmoja, ni mnyauko wa fuzari, ni fangasi. Utaratibu ni uleule, ng'oa, usirudie jamii hiyo hapo, na msimu ujao tafuta aina ya mbegu iliyoandikwa inavumilia mnyauko.

"Kuna kitu kinakula majani"

Toka saa kumi na mbili asubuhi au usiku na tochi, utakikuta. Matundu makubwa na mate yanayong'aa kwenye jani ni konokono, masika ndo msimu wao, waokote na glavu au mfuko mkononi, na wanapojificha mchana ni chini ya mbao na matofali. Matundu madogo na vinyesi vyeusi kama punje za baruti kwenye chainizi na sukuma ni viwavi, geuza majani uwatoe kwa mkono. Majani yamejikunja, yananata, kuna sisimizi wanapanda na kushuka: vidukari, wengine wanaita wadudu mafuta, wako chini ya jani. Vidoti vidogo vya njano na utando mwembamba kama wa buibui ni utitiri, huyu anakuja kukiwa kukavu na anapenda mnavu na nyanya chungu, mvua ikirudi anapungua mwenyewe.

Kwa vidukari na utitiri anza na maji ya bomba yenye nguvu chini ya majani asubuhi, siku tatu mfululizo. Hawajaisha, sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai kwa lita 1, jaribu jani moja usubiri kesho, lisipoungua pulizia mmea mzima jioni. Ikishindikana mwarobaini, mbegu kavu zilizotwangwa gramu 50 kwa lita 1 ya maji, loweka usiku, chuja na kitambaa, weka tone la sabuni, pulizia jioni, rudia baada ya wiki. Mbegu zina nguvu kuliko majani.

Nyanya ikijikunja kwa juu, majani madogo ya njano, imedumaa, ile wanayoita rasta, ni virusi na mbebaji ni inzi weupe. Haiponi. Ng'oa mapema iliyobaki ipone.

"Maua yanadondoka" na "tunda linaoza kitako"

Nyanya kumwaga maua pwani mwezi wa pili na wa tatu ni joto la usiku, na nimeshasema juu, subiri kipupwe. Kama ni kipupwe na bado yanadondoka angalia kama umezidisha urea, alafu jua: mboga za matunda zinataka saa 6 za jua la moja kwa moja, chini ya mwembe hutapata kitu, hapo panda mchicha uvumilie na hata huo hautanenepa.

Kitako cheusi kilichobonyea kwenye nyanya au hoho, na hakuna tundu, ni kuoza kitako. Sio ugonjwa wa kuambukiza. Ni kalsiamu kushindwa kufika kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja kwa kushtukiza, siku tatu kavu alafu mafuriko. Mwagilia kwa kipimo kilekile kila siku, tandaza nyasi, toa yaliyoharibika, yanayofuata yatakuwa mazima.

Kukiwa na vitundu vidogo karibu na kikonyo na majani yana mabaka ya karatasi yaliyochimbwa ndani, ni kantangaze, kiwavi mdogo wa nondo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, hapa Tanzania tulianza kumwona 2014 na amefilisi wakulima wakubwa. Kwa mimea mitano ya nyumbani chuma kila jani na tunda lenye dalili kila siku, funga kwenye mfuko mweusi uweke juani wiki mbili, usitupe pembeni. Akizidi ng'oa zote, pumzisha nyanya msimu mmoja.

Wapi pa kuacha mikono yako na kuita mtu

Viuatilifu. Kama umefika hatua ya kuhitaji sumu ya dukani, muone afisa ugani kwanza. Lebo lazima iwe na usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, iwe inasomeka, na iseme siku za kungoja kabla ya kuvuna. Ile inayouzwa imemiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usinunue hata kwa bei gani, watoto wamekunywa hizo. Mtu akipulizia alafu akaanza kutoka mate, jasho, kutapika, macho kuona ukungu, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, usimtapishe, mkimbize hospitali na uende na chupa au lebo yake daktari aione.

Chemba na shimo la choo. Tuta likiwa juu ya chemba linastawi kwa kijani cha ajabu na watu wanafurahi. Usile. Kuna nyumba moja nilikuta matembele yamejaa juu ya mfuniko ambao saruji yake imeshaanza kupasuka, mama anasimama hapo kila jioni kuchuma. Ukiona udongo unatitia au unanuka maji taka ondoka hapo, ita fundi, hamisha bustani.

Umeme. Ukigusa bomba la pampu ya kisima ukasikia shoti, hata ndogo, usijaribu tena kwa mkono wa pili. Zima swichi kubwa ya nyumba, ita fundi umeme, mwagilia kwa ndoo mpaka amalize. Na ukichimba ukakutana na waya au bomba, weka jembe chini.

Udongo wa gereji. Eneo lililokuwa gereji, sehemu ya kuchomea taka, betri au rangi, kuchimba na kuweka samadi hakulisafishi. Panda kwenye viroba na ndoo zenye udongo ulioletwa kutoka kwingine, na hilo eneo lipimwe na maabara kabla ya kula chochote kilichoota humo.